Mfundishe baji kuchakura: mwongozo wa kumrudishia kasuku mdogo kazi yake

Kuku wa kienyeji ukimwekea pumba kwenye sahani atakula ashibe, kisha atakwenda zake nyuma ya jiko kuchakura kana kwamba hajaonja kitu tangu jana. Si njaa hiyo. Ndivyo alivyo. Baji naye yuko vivyo hivyo, ila yeye tumemtia tunduni, tukamjazia bakuli la uwele shubiri moja kutoka kijiti anacholalia, kazi yake yote ya kutwa ikawa imekwisha kwa dakika kumi. Halafu tunashangaa mbona anapiga kelele mchana kutwa, anatafuna nondo za tundu au anakaa tu kama mwenye homa.

Nikisema baji nakusudia yule kasuku mdogo wa kijani au wa buluu, mwenye mistari myeusi mgongoni na mabawani. Siku niliyomleta hapa Chake Chake, Pemba, kwa boti kutoka Unguja, jirani yangu alisikia "bajia", akaniuliza ni za kunde au za dengu.

Asili yake ni nchi kavu za ndani ya Australia. Huko baji huishi kwa makundi, wakihama kufuata mvua, kwani mvua ikinyesha majani huota na kuzaa mbegu, na mbegu za majani ndizo chakula chao. Hula mapema asubuhi, jua likikaza hujibanza kwenye vivuli vya miti, alasiri hurudi tena chini kutafuta. Mwingereza John Gould aliwafikisha Uingereza wakiwa hai mwaka 1840, na kuzaliana kwenye matundu kumewapa rangi ambazo porini huzioni. Hamu ya kutafuta lakini wanayo bado.

Shika hilo neno "chini". Wengi wetu huanza kwa kuning'iniza michezo ya rangi juu ya tundu, ndege akaiogopa, tukasema huyu mjinga. Baji hatafuti chakula juu ya miti kama kasuku wakubwa. Anakiokota ardhini, baina ya majani. Ndiyo maana mafunzo yote ninayoeleza hapa yanaanzia sakafuni mwa tundu.

Kosa langu, usilirudie

Mwanzoni nilijiona hodari. Nilitoboa kifuu, nikatia ndani chakula chote cha siku, nikaliondoa bakuli, nikaenda kazini. Niliporudi alasiri nikamkuta amejikunyata, manyoya yamefura, kifuu hakijaguswa. Nikajisemea: njaa itamfunza. Asubuhi ya pili nikampima, gramu 32. Wiki iliyopita alikuwa gramu 36. Gramu nne kwetu sisi ni kijipunje cha chumvi mezani. Kwake yeye ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mwili wote, sawa na mtu wa kilo 70 kupungua kilo karibu nane kwa muda mfupi hivyo.

Nilirudisha bakuli mbio mbio. Alikula mpaka nikaona haya.

Kiumbe mdogo hivi huunguza chakula kwa kasi na akiba yake ni ndogo mno. Zaidi ya hayo, baji hatambui kwamba ndani ya kifuu kuna uwele. Hajaona chakula, kwa hiyo kwake chakula hakipo. Usiitegemee njaa kumfundisha. Anajifunza akiwa ameshiba vya kutosha kuwa na udadisi.

Kabla hujaanza

Kama ndege ni mgeni nyumbani, mwache wiki mbili tatu azoee watu, sauti na mahali pake. Usianze akiwa mgonjwa, akiwa anapukutisha manyoya kwa wingi, wala akiwa na mayai au makinda.

Tafuta mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja, ile wanayotumia wapika keki. Kila asubuhi kabla hajala, weka kibakuli juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, mvute kwa punje mbili tatu apande. Andika kwenye daftari. Fanya hivyo wiki nzima kabla ya mafunzo ili ujue uzito wake wa kawaida. Baji wengi wa nyumbani huwa baina ya gramu 30 na 40, lakini usimlinganishe na wa mwenzio. Linganisha na wake wa jana na juzi. Kupanda na kushuka gramu moja si kitu. Akipungua mbili na asizirudishe siku ya pili, rudi hatua moja nyuma. Akifika sehemu moja ya kumi, acha kila kitu, rudisha bakuli lililojaa, na kama hataki kula vizuri muone daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Cha pili ni kujua anakula kiasi gani. Kwa kawaida ni kama vijiko viwili vya chai vya nafaka kwa siku, pamoja na majani mabichi. Lakini usikadirie kwa kutazama bakuli, kwa sababu bakuli la baji linadanganya. Mtazame kwa karibu anavyokula: anaichukua punje kwa ncha ya mdomo, anaigeuza kwa ule ulimi wake mfupi mnene, ganda linapasuka, kiini kinashuka kooni, ganda linadondoka pale pale bakulini. Baada ya saa chache bakuli limejaa vile vile, kumbe juu yote ni makapi. Wako ndege waliokufa njaa mbele ya bakuli "lililojaa". Pepeta kila siku. Mimi hutumia ungo mdogo na pumzi yangu, nje ya nyumba, upepo ukinisaidia.

Cha tatu, tazama kinyesi. Choo cha kawaida kina sehemu ya kijani iliyojikunja na sehemu nyeupe. Kikiwa kidogo sana, cheusi kijani, au maji matupu bila kitu kigumu, ndege hali chakula, hata kama unamwona anashughulika kwenye michezo yake. Baji ni hodari wa kujifanya. Porini anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa kwanza, kwa hiyo hata mgonjwa huinama juu ya chakula na kudonoadonoa bila kumeza.

Hatua ya kwanza: chakula wazi, mahali papya

Chukua kisahani kipana kisicho na kina, au kifuniko safi cha ndoo. Kiweke sakafuni mwa tundu, mbali na vijiti vya juu ili asikinyee. Mwagia robo ya kijiko cha nafaka, itandae moja moja. Bakuli lake la kawaida liache pale pale na chakula chake chote.

Hapo ndipo penye kazi, na kazi yenyewe ni yako. Baji ni ndege wa kundi: wenziwe wakila naye hula. Tia mkono polepole, gonga gonga kisahani kwa ukucha wa kidole kama mdomo unaodonoa, chukua punje, iangushe, ichukue tena. Watoto wangu walicheka sana kuniona nimeinama mbele ya tundu nikijifanya kuku. Siku ya tatu ndege akashuka. Akasimama ukingoni, akanyoosha shingo, akadonoa moja, akaruka juu. Halafu akashuka tena.

Wengine hushuka siku ya kwanza, wengine wiki mbili. Usihame hapa mpaka awe anashuka mwenyewe ndani ya dakika chache bila kusubiri uondoke.

Hatua ya pili: achakure

Sasa weka vitu juu ya chakula, lakini punje ziendelee kuonekana. Mimi huanza na majani ya mchicha yaliyooshwa, yakiwa bado na maji. Baji hupenda kujisugua kwenye majani maji maji, kwa hiyo hata asiyejali chakula atakuja kuoga, na akioga atakutana na punje. Matembele yanafaa pia, na majani ya mlonge. Kisamvu kibichi usimpe kabisa. Sumu yake ndiyo inayotufanya sisi wenyewe tukitwange na kukipika kwa muda mrefu.

Akizoea majani, changanya vipande vya karatasi nyeupe, vipande vya ukindu mkavu usiotiwa rangi, na vijiwe vikubwa kuliko kichwa chake vilivyochemshwa. Ukiokota vijiwe pwani viloweke kwenye maji baridi na kuyabadilisha mara kadhaa chumvi iishe. Mfupa wa dome nao, ule mweupe unaoletwa na mawimbi, utayarishe hivyo hivyo: uloweke, uuchemshe, uanike juani mpaka ukauke kabisa. Anaukwangua kwa ajili ya madini yake, na ukiuzika nusu kwenye sinia la kuchakura anaufanya mradi.

Hii hatua ya sinia wengi huipita haraka kwa kuiona ya kitoto. Mimi nakwambia kaa nayo. Hata leo, baada ya kujua kufungua kila aina ya kifurushi, baji wangu hutumia muda mrefu zaidi kwenye sinia la majani kuliko penginepo. Ndiko kunakofanana na kwao.

Hatua ya tatu: funika

Chukua kibakuli kidogo cha nafaka, kifunike karatasi, ifungie kwa uzi wa pamba kwa nje mahali asipofikia, kisha toboa katikati tobo kubwa kama sarafu ya shilingi mia mbili. Anaona chakula, ila lazima aingize kichwa. Siku mbili tatu tobo liwe dogo zaidi. Kisha liwe mchano tu. Mwisho karatasi iwe nzima, naye aipasue mwenyewe.

Mara ya kwanza kuisikia karatasi ikichanika chini ya mdomo wake mwenyewe, wangu aliruka akagonga paa la tundu. Alirudi baada ya nusu saa akaichana tena, safari hii kwa makusudi, na hakula chochote mpaka alipomaliza karatasi yote. Kuchana kwenyewe ni raha kwake. Usimkatishe.

Hatua ya nne: funga

Wauza karanga wametuonyesha njia zamani. Kata karatasi nyeupe kiasi cha kiganja, tia punje kumi, ikunje na kuisokota ncha mbili kama pipi. Vya kwanza visokote legelege na viwe wazi kidogo, uvitupe kwenye sinia analolijua. Usitumie risiti za mashine, kwani karatasi ile imepakwa kemikali. Karatasi za kung'aa za majarida pia achana nazo, na pini za stepla, gundi na selotepu visikaribie tundu.

Ukindu ni mzuri kuliko karatasi ukiupata mweupe. Nilikwenda kwa bibi yangu, ambaye mkono wake haujawahi kuacha kusuka, nikamwomba mabaki ya ukindu ambao haujachovywa rangi. Nikamkalia pale ukumbini nikifunga vifundo, kila kifundo na punje ndani.

"Mjukuu wangu," akaniuliza, "huyo ndege unampa chakula au unampa mtihani?"

"Vyote viwili, bibi."

Akachukua kifundo changu kimoja, akakigeuza, akakilegeza kwa ukucha mpaka punje ikachungulia, akanirudishia bila neno. Akachukua cha pili, akafanya vile vile. Nilivipeleka nyumbani kama alivyovilegeza, na siku ile ile ndege alivifungua vyote. Vile vigumu nilivyofunga mwenyewe vilikaa siku nne bila kuguswa.

Ukitaka kumpa majani mabichi, tengeneza mshikaki: chukua njukuti ya ufagio mpya, ikate ncha zote mbili butu, ichome kwenye vipande vya tango, karoti na majani ya mchicha yaliyokunjwa, kisha uifunge mlalo kwenye nondo za tundu karibu na kijiti. Suke zima la uwele au la mpunga mbichi mbichi kutoka bondeni ni zawadi kubwa kuliko zote, maadamu una hakika shamba halikupigwa dawa. Lakini suke lisiwe la kila siku, maana ndege aliyezoea suke hufanya mgomo baridi kwa vitu vingine vyote.

Hatua ya tano: tawanya

Sasa ndipo kifuu kinapopata zamu yake. Kikwangue nyuzi zote nje, kisugue ukingo kwa msasa mpaka usikate, kioshe, kikaushe juani. Kwanza kitumie wazi kama bakuli. Baadaye kijaze vipande vya karatasi na ukindu juu ya nafaka. Mwisho kifunike kingine juu, kikiwa na tobo la kutosha kichwa chake kuingia na kutoka bila kukwama.

Weka vituo vitatu vinne kwa siku mahali tofauti: sinia chini, kifurushi kwenye kona, mshikaki kando ya kijiti, kifuu juu. Kesho badilisha mahali. Kituo kimoja au viwili viachwe bila kitu siku moja moja, kwani hata porini si kila kichaka kina mbegu. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Usivifanye vyote vitupu tu.

Vijiti vya tundu navyo vibadilishe. Tawi la mpera ni zuri, la mvinje vile vile. Mvinje asili yake ni pande za Australia na kusini-mashariki ya Asia, kwa hiyo ukimletea tawi kutoka ufukweni unamletea jirani yake wa zamani. Lioshe vizuri kwa maji baridi, kwani linapigwa na mvuke wa bahari.

Kiasi na saa

Wiki za mwanzo ficha kidogo tu, kama sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Uzito ukisimama imara, ongeza polepole hadi robo, kisha hadi nusu. Mimi nimekomea nusu na sioni haja ya kuzidisha. Wapo wanaoficha chote na ndege wao wako salama, lakini wapo nyumbani kutwa na wanapima kila asubuhi. Sisi tunaotoka kwenda kazini tusijidanganye. Maji hayafichwi kamwe.

Ratiba yangu ndiyo hii. Baada ya alfajiri napima, kisha naweka bakuli dogo lenye nusu ya chakula, ale kifungua kinywa bila usumbufu. Kabla ya kutoka naweka sinia na vifurushi. Adhuhuri analala, hana habari na mtu. Alasiri nikirudi naondoa majani yaliyonyauka, natazama nini kimeguswa na nini hakikuguswa. Kabla ya magharibi narudisha bakuli na kila punje iliyobaki kwenye vifurushi naimwaga humo wazi. Hilo la magharibi usilisahau. Ndege huyu hulala kwa muda wa saa kumi na zaidi, na akipanda kijitini tumbo tupu asubuhi utaiona kwenye mizani.

Mwezi wa Ramadhani ratiba ya nyumba ikigeuka, ya kwake isigeuke. Funika tundu usiku taa zinapowaka mpaka daku, na chakula chake kiwe saa zile zile.

Joto, unyevu na sisimizi

Miongozo mingi imeandikwa kwa nchi za baridi, ambako kipande cha tango hukaa kutwa. Kwetu saa mbili zinatosha, na masika pengine hata hizo ni nyingi. Chakula kibichi kifiche kidogo, ukumbuke ulikificha wapi, na ukitoe. Nafaka iliyolowa ndani ya kifurushi huota ukungu upesi, kwa hiyo kila kifurushi kilichonyeshewa na maji ya kuoga kitupe.

Nafaka nunua kidogo kidogo, uinuse kabla ya kulipa. Ikiwa na harufu ya ukungu usiichukue, hata muuzaji akikupunguzia bei. Nyumbani iweke kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana. Fukusi wakikusumbua, itie kwenye friza siku chache kwanza. Karanga sizipendekezi: zina mafuta mengi kwake, na zikihifadhiwa vibaya huwa na sumu ya ukungu isiyoonekana kwa macho.

Sisimizi hufuata matunda kwanza. Tundu likisimama kwenye meza, weka kila mguu wa meza ndani ya kopo la maji. Usipulize dawa.

Yanayoua

Parachichi ni sumu kwake, hata kipande kidogo. Chokoleti, kahawa, kitunguu na vitu vya chumvi navyo usimpe.

Hewa ndiyo inayosahauliwa. Mapafu ya ndege huvuta kila kitu kwa nguvu, na nyumba zetu zinapenda moshi mzuri. Chetezo cha udi au ubani kikipita chumbani, tundu litoke kwanza, lirudi hewa ikiwa safi. Dawa ya mbu ya kuchoma, dawa ya kupuliza na manukato makali ni hivyo hivyo. Vikaango vile vyeusi visivyogandisha chakula vikipata moto kupita kiasi hutoa hewa isiyonuka sana kwetu, lakini huua baji kwa dakika chache. Tundu lisikae jikoni wala karibu na mlango wake.

Usumba wa kumbi la nazi unaonekana kama kitu cha kuchezea alichoumbiwa baji. Nyuzi zake ndefu humzonga vidole na kucha, na akizimeza hujikusanya kwenye mfuko wa koo. Nyuzi za aina yoyote, ukindu ukiwemo, zisizidi urefu wa kidole chako kidogo. Maganda ya korosho mbichi yana mafuta yanayounguza, usimpe.

Kuhusu baraza: kumtoa ndege apate jua la asubuhi ni jambo jema, lakini usimwache peke yake hata dakika tano. Kunguru wale wenye shingo ya kijivu, walioletwa visiwani kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, hufika, hutia mdomo baina ya nondo na kuvuta. Mmoja huanza, watano hufuata. Paka nao hawahitaji maelezo.

Wakiwa wawili

Baji wawili hujifunza haraka kuliko mmoja, kwani mwoga humtazama jasiri. Tabu yake ni kwamba yupo afanyaye kazi na yupo alaye. Unamwona mmoja anachana karatasi kwa bidii, mwenzake anasubiri nyuma yake kama mtoto anayesubiri urojo, punje ikidondoka tu anaiwahi. Weka vituo zaidi ya idadi ya ndege, mbalimbali, na uwapime kila mmoja peke yake. Uzito wa wote wawili pamoja hautakuonyesha nani ananyonywa.

Akigoma

Akiogopa kitu kipya, usikitie tunduni. Kiweke upande wa pili wa chumba, kila siku ukisogeze kidogo, hadi kikae kando ya tundu kwa nje, kisha ndani mbali na kijiti anacholalia. Rangi nayo ina maneno: wangu aliogopa kila kitu chekundu kwa mwezi mzima, akapenda kila cha kijani tangu siku ya kwanza.

Akila punje za juu na kuacha zilizofichwa, huenda umempa nyingi mno wazi, au zilizofichwa si anazozipenda. Angalia anachokula kwanza kila asubuhi bakulini. Hicho ndicho cha kuficha, na visivyopendwa vibaki wazi. Akikoma ghafla kitu alichokwisha kukijua, pima uzito na tazama choo kabla ya kumwita mvivu.

Ukisafiri

Ukivuka kwenda Unguja siku mbili na kumwachia jirani, usimwachie vifurushi wala maelezo ya hatua tano. Mpe chakula kilichopimwa kwenye mifuko ya karatasi, mfuko mmoja kwa siku, mabakuli mawili wazi na maji mawili, na umwombe apulize makapi asubuhi na jioni. Mimi nilimwonyesha jirani yangu kupuliza kwa mdomo mbele yangu, mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza alitazama bakuli akaniambia, "Mbona bado limejaa?"